Sekretari wa bandarini mwenye fremu Makorora anauliza: kazi ya ofisi ina thamani gani?

Swali

Shikamoo Bi. Nina miaka 31, ni sekretari kwenye kampuni ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Tanga, huu mwaka wa sita. Mshahara ni 450,000 kabla ya makato. Naingia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumamosi mpaka saa 7 mchana. Meli ikiwepo tunakaa mpaka saa 2 usiku, na hilo halina malipo. Tangu mwaka juzi nina fremu Makorora: kopi, kuprinti, kuchapa barua, lamineshani. Mchana anakaa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, jioni na wikiendi nakaa mimi, kama saa 25 kwa wiki. Mauzo ni kama 430,000 kwa mwezi. Natoa kodi ya fremu 60,000, mdogo wangu 80,000, rimu na wino 130,000, LUKU 30,000, bando 15,000. Ofisini nikiomba nyongeza naambiwa, "Wewe kazi yako ni kuchapa, na kompyuta siku hizi inafanya yote." Dukani watu wanalia kwamba 1,000 ya barua ni ghali. Mume wangu anataka niache kazi nishike duka. Mama anataka niuze mashine nitulie na mshahara. Mimi nimechoka, na nimeanza kuamini kuwa ninachokijua si kitu. Nifanyeje? Nirudi chuo? Ninunue mashine ya pili ya kopi?

Jibu

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonishika mwanzo ni hesabu yako. Umeniandikia kila shilingi inayotoka, mpaka ya bando. Mtu anayeandika hivi halafu ananiambia anachokijua si kitu, basi ameambiwa hivyo mara nyingi mpaka akaamini.

Mimi nilisomea uhazili Tabora enzi za taipu na hatimkato, yale maandishi ya mkato ya kunukuu kwa kasi. Tulipimwa kwa maneno kwa dakika, 80, 100, wenye vidole vyepesi wakafika 120, na sote tukaondoka pale tukidhani kazi yetu ni ile kasi. Ilinichukua miaka kung'amua. Mwaka 1997 nilikuwa katibu muhtasi kwenye kampuni moja hapa mjini, nikaenda likizo ya uzazi. Aliyenishikia nafasi alikuwa binti hodari, anachapa kunishinda. Niliporudi nikakuta bima ya gari la kazi imekwisha siku kumi na moja na gari liko barabarani. Chini ya trei ya barua kulikuwa na barua iliyotaka kujibiwa ndani ya siku kumi na nne, imefunguliwa, imekunjwa vizuri, imepigwa muhuri wa kupokelewa, na haijajibiwa. Hakuna aliyekosea. Binti aliambiwa achape, akachapa. Kazi niliyokuwa nikiifanya mimi haikuwa imeandikwa popote, kwa hiyo hakuna aliyemwachia.

Serikalini siku hizi kada yetu wanaiita waandishi waendesha ofisi. Nalipenda jina hilo, maana neno kuchapa halimo.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na saa zako zinafika hapo hapo, ukitoa ile saa ya chakula. Ili kuijua saa yako, gawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa 45. Inakuja 2,308. Andika namba hiyo kwenye jalada la ndani la daftari lako, tutairudia.

Njoo dukani. Matumizi yako ni 315,000, kwenye 430,000 inabaki 115,000. Saa 25 kwa wiki ni kama 108 kwa mwezi. Gawanya: 1,065. Yaani bosi unayemlalamikia anakulipa zaidi ya mara mbili ya unavyojilipa mwenyewe. Mumeo hajaiona namba hii. Akiiona hatakuambia uache kazi mwezi huu, na sitaki ugombane naye, mwonyeshe tu karatasi.

Mama naye asifurahi mapema. Hiyo 1,065 kwa saa ni wastani, na ndani ya wastani huo kuna kazi zinazolipa vizuri na nyingine zinazokula nguvu zako bure. Steshenari nyingi za hapa kwetu zinakosea hapo hapo unapokosea wewe: zinauza karatasi. Kopi ni karatasi, na kijana wa fremu ya pili naye ana mashine, atashusha bei mpaka mtoe bure wote wawili. Barua ni kitu kingine.

Nikupe mfano wa mtu niliyekuwa nimekaa nyuma yake kwenye foleni ya duka la aina yako, Ngamiani. Mzee mvuvi kutoka Sahare, kofia mkononi, anataka "barua ya serikali". Binti aliyekuwa kwenye kompyuta hakugusa kibodi. Akamuuliza: mzee, shida ni mpaka wa kiwanja au ni fidia? Ulishafika kwa mtendaji wa mtaa? Alikupa chochote cha maandishi? Mashahidi wako hai? Unataka nini hasa, wapimwe upya au wakuite kikao? Dakika kumi na tano za maswali. Ndipo akachapa, nusu ukurasa, kichwa cha barua mstari mmoja, chini nakala kwa diwani. Mzee akalipa shilingi elfu moja na binti akashukuru.

Nilitaka kumvuta mkono. Ile nusu ukurasa ilikuwa na kazi ya mtu aliyesoma: anajua ofisi ipi ina mamlaka, anajua kwamba barua yenye ombi moja inajibiwa na yenye manung'uniko saba inawekwa kando. Kaitoza bei ya kuchapa.

Kwa hiyo tenganisha, na uandike ukutani kwa kalamu nene watu wasome kabla hawajafungua mdomo. Kuchapa, yaani mteja kaja na maandishi yake na wewe unanakili, baki na 1,000 kwa ukurasa. Kuandikiwa, yaani yeye kaja na shida na wewe unaitunga barua, anzia 5,000. Watakaolia watakuwepo, waache walie wiki mbili. Atakayebaki ni yule ambaye barua yake ya kwanza ilirudishwa.

Lakini pesa yako ya kutulia siioni kwenye barua moja moja. Iko kwenye vikundi. Unajua mwenyewe Makorora na Mwanzange kina mama wangapi wako kwenye vikoba, na wangapi wanautafuta ule mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Kinachowakwamisha mara nyingi si biashara, ni makaratasi. Katiba imenakiliwa kwa kikundi kingine mpaka jina la kikundi hicho limebaki ukurasa wa tatu. Muhtasari wa kikao hauonyeshi nani alipendekeza na nani aliafiki. Orodha ya wanachama ina majina ishirini na sahihi kumi na nne. Afisa maendeleo ya jamii akilirudisha faili mara mbili wanakata tamaa na kusema kuna upendeleo.

Wewe kazi hiyo unaifanya umefumba macho. Usiwauzie kopi za katiba, chukua kikundi chenyewe. Kwa 15,000 kwa mwezi unaandika mihtasari yao, unatunza rejesta ya wanachama na ya marejesho, unawakumbusha tarehe. Haikuli zaidi ya saa mbili kwa mwezi, kwa sababu baada ya kile cha kwanza umeshakuwa na kielelezo. Vikundi vinne ni 60,000, na hiyo ndiyo kodi yako ya fremu. Saa nane kwa 60,000 ni 7,500 kwa saa. Iweke pembeni ya ile 2,308 na ile 1,065, kisha uniambie tena kama unachokijua si kitu.

Wapo pia mafundi na wauzaji wadogo wanaotaka kazi za serikali. Tangu 2023 zabuni za umma zinapita kwenye mfumo wa NeST, na tangu bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima lipangiwe kuishia Chongoleani, kila mwenye toroli hapa Tanga anajiita mkandarasi. Wengi leseni, TIN na uthibitisho wa kodi viko kwenye mfuko wa rambo, kimoja kimekwisha muda. Kuwapangia nyaraka, kuwafungulia akaunti wakiwa wamekaa hapo hapo na nywila zao wenyewe mkononi, ni kazi halali na inalipika. Usiahidi mtu kwamba atapata zabuni. Ukishaahidi umekuwa dalali, na siku akikosa atakuja fremuni na ndugu zake.

Hapa niseme jambo ambalo hukuuliza. Atakuja mteja, pengine ameshakuja, na cheti cha kidato cha nne. Ataegemea kaunta, ataangalia nyuma, atasema kwa sauti ya chini, "Dada, ni namba moja tu hapa, unaiscan unabadilisha." Atatoa 30,000, kazi ya dakika tano. Au atataka muhuri. Mrudishie karatasi yake mkononi, usiiache hata kwenye kompyuta. Sikwambii tu kwa ajili ya polisi, ingawa kughushi ni jinai na anayetengeneza anaingia pamoja na anayetumia. Nakwambia kwa sababu ukishajulikana unabadilisha namba, ile barua ya mzee wa Sahare nayo itatiliwa shaka mezani kwa mtendaji.

Na mafaili ya wateja kwenye kompyuta yako yafute kila usiku. Nimeona maduka ambayo ukikaa kusubiri unasoma vitambulisho vya NIDA vya mtaa mzima kwenye kioo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na hata isingekuwepo, wewe sekretari unajua faili la mtu haliachwi wazi juu ya meza.

Turudi ofisini, maana pale kuna fedha yako inalala. Zile jioni za meli. Kuanzia saa 11 mpaka saa 2 usiku ni saa tatu. Sheria niliyoitaja inasema saa za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu, na zinakuwa za makubaliano, na hazipiti 50 ndani ya wiki nne. Saa yako ya ziada ni 3,462. Tuseme jioni sita kwa mwezi: ni zaidi ya 62,000. Unaacha hiyo, halafu unakimbilia duka linalokulipa 1,065. Anayetolewa kwenye kifungu hicho ni mwajiriwa anayewasimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, na sekretari wa kampuni ndogo kwa kawaida si huyo. Soma mkataba wako. Sheria inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi, pamoja na mengine, maelezo ya kazi, saa na ujira. Kama huna karatasi hiyo, iombe kwa barua ya heshima kabla hujaomba shilingi.

Nyongeza usiiombe kwa kusema maisha yamepanda. Yamempandia na yeye. Kwa wiki nne andika shajara, kila jioni mistari mitatu tu, mambo ambayo yangeharibika usipokuwepo. Kazi yenu ni nzuri kwa hili kwa sababu bandarini kosa lina bei. Kwa mfano: Jumanne, uzito kwenye ankara haulingani na wa kwenye hati ya shehena, nimeuona kabla haujaingizwa kwenye mfumo wa forodha, nimempigia mteja, amerekebisha saa 6. Kwa bosi wako mstari huo una maana anayoijua vizuri, maana mzigo ukipitisha siku za bure bandarini tozo ya kuhifadhi inahesabiwa kila siku. Mwisho wa mwezi chagua matukio matano, piga hesabu ya kilichookolewa kwa siku na kwa shilingi, peleka ukurasa mmoja. Siku hiyo akikuambia kompyuta inafanya yote, muulize ni kompyuta ipi ilimpigia mteja.

Anaweza kukataa. Nimeona wanaokataa. Hata hivyo karatasi hiyo haitupwi: ndiyo maombi yako ya kazi kwa wakala wa jengo la pili.

Na umwambie kuhusu duka, kwa maandishi, mistari sita: unaendesha steshenari Makorora nje ya saa za kazi, haihusiani na uwakala wa forodha, hutumii vifaa wala wateja wa kampuni. Kabla hujaiandika angalia kama mkataba una kipengele kinachotaka ruhusa kwanza. Halafu uitimize. Hata rimu moja ya ofisi isionekane fremuni, na mawakala wengine wakija jioni kukuchokonoa bei za bosi wako, wauzie kopi uwaage. Kuna mwajiri anayekasirika kugundua duka, lakini anayelipata kwa barua yako mwenyewe anakuwa amepoteza silaha.

Uamuzi wa kuacha kazi uweke mbali kidogo. Ukiacha, duka halitakiwi kufikia 450,000 tu. Kwa kawaida NSSF inaingia asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri wako kama anachangia nusu, hiyo 45,000 kila mwezi itakuwa juu yako. Una likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mwaka huu chukua wiki mbili upumzike kweli, umesema umechoka na nimekusikia, nenda Pangani kwa ndugu, zima simu. Zile wiki mbili nyingine fungua duka asubuhi mpaka usiku, ukiwa na bei mpya ukutani na vikundi angalau vitatu. Uone asubuhi ya Makorora ina wateja gani wa kuandikiwa, si wa kopi. Daftari likionyesha kwa miezi sita mfululizo kwamba saa ya dukani imepita 2,308, njoo tuongee kuhusu notisi.

Daftari hilo lina faida nyingine. Mauzo yako ni 5,160,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000 kwa mwaka. Anayetunza analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4, kwako ni 34,800. Tofauti ni 65,200, kwa sababu tu unajua kuandika tarehe na kutunza risiti. Ila waulize TRA kwanza kama viwango hivyo vinakuhusu na wewe mwenye mshahara pembeni. Nenda nalo TRA mwanzoni mwa mwaka unapokwenda kukadiriwa, usiende mikono mitupu ukabishane.

Nakuja kwenye lililonikera, na usinuniane na mimi. Mdogo wako. Anakaa pale mchana kutwa kwa 80,000, hukunitajia siku yake ya mapumziko wala karatasi yoyote, na bila shaka ukiulizwa habari zake utasema "anakaa tu dukani." Unamsikia bosi wako hapo? Binti huyo ndiye anayepokea simu, ndiye anayejua nani anadaiwa na nani alikuja asubuhi na barua ya haraka. Mfundishe kuandika muhtasari, vikundi viwili avishike yeye. Sehemu ya 30,000 hiyo iwe yake juu ya posho, na mwandikie ukurasa mmoja unaosema kazi yake ni nini. Serikali inatangaza kima cha chini kwa kila sekta, kitafute cha biashara uone uko umbali gani nacho. Mimi ningelipanga hilo mbele ya rangi ya ukuta na kibao kipya.

Chuo: Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi hapa hapa Tanga, huna haja ya kwenda Tabora kama mimi. Kama utasoma, soma utunzaji wa nyaraka, kuchapa unajua. Ila si mwaka huu, huna saa ya kuiweka.

Mashine ya pili usinunue. Mdogo wako yuko pale mchana kutwa, na wewe jioni na wikiendi, na bado mauzo ni 430,000 tu kwa mwezi, maana yake hiyo ya kwanza nayo haijachoka.